Volvo EX30: gari dogo la Stockholm na familia kubwa ya Maskati

Ukitembea Stockholm, huchukui muda kuliona gari dogo la umeme la Volvo liitwalo EX30. Lilizinduliwa Milan, Italia, tarehe 7 Juni 2023, na wanunuzi wa mwanzo wa Ulaya wakaanza kukabidhiwa magari yao kuelekea 2024. Jamaa zetu wanaoishi Uswidi wamekuwa wakituma picha na video zake kwenye vikundi vya ukoo, na kila zikifika Maskati, Dubai au Doha, swali linalorudi ni lile lile: na sisi huku linatufaa?

Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa utulivu, kwa sababu gari ni fedha nyingi na watoto wetu ndio wanaopanda. Jibu kwa ufupi ni hili: gari ni zuri, lina mbio kuliko umbo lake, na kwa jambo moja familia yenye nyumba yake Maskati inalifaidi kuliko mkaazi wa fleti ya Stockholm. Lakini lina viti vitano kwa hesabu, na kwa familia zetu nyingi hapo ndipo pa kuanzia kabla ya betri, kabla ya bei na kabla ya rangi.

Ni gari la namna gani

Volvo ni jina la Uswidi tangu 1927, na makao yake yapo Gothenburg, mji wa bandari upande wa magharibi. Tangu 2010 mwenye hisa kubwa ni kampuni ya Geely ya China, iliyoinunua Volvo kutoka kwa Ford ya Marekani. EX30 ni mtoto wa ndoa hiyo. Umbo lake limechorwa kwa ladha ya Kiswidi, lakini mifupa yake ni ya Geely, ile ile iliyomo ndani ya Zeekr X na Smart namba moja. Magari ya mwanzo yametoka kiwanda cha Zhangjiakou, China. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliongeza ushuru kwa magari ya umeme yanayotoka China, na Volvo ilikuwa imeshatangaza kuwa EX30 lingeundwa pia Ghent, Ubelgiji, kuanzia 2025.

Urefu wake ni mita 4.23. Kwa anayezijua gari za barabara zetu, ni fupi kuliko Toyota Corolla ya kawaida, ila limenyanyuka zaidi na paa lake liko juu. Chini yake kuna uwazi wa sentimita 17 hivi kutoka ardhini, unaotosha barabara ya changarawe iliyosawazishwa na matuta ya mtaani. Si gari la kuvukia wadi, na hilo lifahamike mapema, maana umbo lake la kunyanyuka linaweza kumdanganya mtu.

Betri zake ni za aina mbili. Ndogo ina yuniti 51 na kubwa ina yuniti 69. Yuniti hizi ni zile zile zinazohesabiwa kwenye bili ya umeme ya nyumbani, kwa hiyo hesabu yake si ngeni kwetu. Kwa vipimo rasmi vya Ulaya, betri ndogo inakwenda kilomita 344 na kubwa hadi karibu 480. Lipo lenye mota moja nyuma, nguvu za farasi 272, na lipo lenye mota mbili, moja mbele na moja nyuma, nguvu za farasi 428. Hili la pili linatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.6. Volvo yenyewe inasema haijapata kuuza gari lenye kuondoka kwa kasi kuliko hilo. Mwendo wa juu umefungwa kwenye kilomita 180 kwa saa, kama magari yote ya Volvo tangu 2020.

Nyumba njema si mlango

Kwa nje gari limetulia. Halina urembo mwingi, taa za mbele zimekaa kwa umbo la nyundo ambalo Volvo imelizoesha watu kwa miaka, na halina grili ya kupitishia hewa kwa kuwa halina injini ya kupoza. Lakini wahenga walishasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Ukifungua, cha kwanza utakachokitafuta na usikione ni saa ya mwendo mbele ya usukani. Haipo. Kila kitu kimepelekwa kwenye kioo kimoja cha inchi 12.3 kilichosimama katikati: mwendo, ramani, kiyoyozi, redio, hata kurekebisha vioo vya pembeni. Kidroo cha mbele ya abiria kimehamishiwa katikati chini ya kioo, nacho hufunguliwa kwa kugusa kioo hicho hicho. Swichi za madirisha haziko milangoni, zimewekwa katikati baina ya viti viwili vya mbele. Spika nazo zimetolewa milangoni na kuunganishwa kuwa mstari mmoja chini ya kioo cha mbele.

Zipo sababu mbili za mpango huu. Ya kwanza ni gharama: nyaya na vipande vikipungua, gari linakuwa rahisi kuliunda. Ya pili ni nafasi, kwa kuwa mlango usio na spika wala swichi unaacha mahali pa kuweka chupa na mikoba. Vifaa vya ndani navyo vina habari yake. Baadhi ya magari haya yana mapambo yaliyofumwa kwa mabaki ya nguo za jinzi, mengine kwa kitani, na mengine kwa plastiki iliyotokana na fremu za madirisha mabovu. Mkono ukigusa haupati hisia ya kitu rahisi.

Ubaya wake ni kwamba dereva analazimika kutupa jicho kulia kila anapotaka kujua mwendo wake. Ukizoea unazoea, lakini siku za mwanzo inachosha. Tena kitu kimoja kikibeba kila kazi, siku kikiugua vyote vinaugua. Mwezi Juni 2024 Volvo iliita magari takriban 72,000 ya EX30 duniani kwa sababu ya hitilafu ya programu: baadhi yakiwashwa, kioo kilikuwa kikiingia katika hali ya majaribio na mwendo wa gari usionekane kama inavyotakiwa. Dawa yake ilikuwa programu mpya inayotumwa kwa njia ya mtandao, bila gari kuingia gereji. Tatizo lilitatuliwa, lakini mnunuzi ajue kwamba gari la namna hii linahitaji kuhuishwa kama simu, na wakala wake lazima awe na watu wanaoifahamu kazi hiyo.

Barabarani Stockholm

Stockholm ni mji wa visiwa 14 vilivyounganishwa kwa madaraja, na mitaa ya zamani ni myembamba. Hapo EX30 liko nyumbani. Linageuka pahali padogo, kamera zake zinaonyesha pande zote, na ukiondoa mguu kwenye pedali linapunguza mwendo lenyewe huku likirudisha umeme kidogo kwenye betri. Abiria akitaka kufungua mlango wakati mtu wa baiskeli anakuja kwa nyuma, gari linamwonya. Katika mji wenye baiskeli nyingi kama ule, onyo hilo lina thamani.

Utakachokisikia zaidi ni kelele za tahadhari. Kijicho kidogo nyuma ya usukani kinamwangalia dereva, na ukigeuka kuzungumza na watoto kinalia. Ukivuka mwendo ulioandikwa kwenye kibao kinalia tena. Hilo la mwendo si ubishi wa Volvo peke yake, kwa kuwa tangu Julai 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kila gari jipya liwe na chombo cha kumkumbusha dereva mwendo unaoruhusiwa.

Mwenyeji wa Stockholm ana hesabu nyingine anazozijua yeye. Kuingia na kutoka katikati ya mji kwa gari kunalipiwa. Ushuru huo ulijaribiwa 2006 ukathibitishwa rasmi tangu Agosti 2007, na magari ya umeme nayo hulipa kama mengine. Kuanzia tarehe 1 Disemba hadi 31 Machi, barabara zikiwa na theluji au barafu, gari lazima liwe na tairi za baridi. Na katika mtaa wa Hornsgatan, tairi zenye misumari zimekatazwa tangu 2010 kwa sababu zinachimbua lami na kutia vumbi hewani. Haya yote hayatuhusu Maskati, ila yanaeleza ni maisha gani gari hili limefikiriwa kwayo: safari fupi, mji uliobanana, familia ndogo.

Baridi yao na joto letu

Watu wengi huku huuliza kuhusu joto, na wana haki. Lakini ili kulielewa joto, tuanze na baridi.

Gari la petroli linatupa sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta yake kama joto. Siku ya baridi, joto hilo la bure ndilo linalopasha ndani. Gari la umeme halina joto la kutupa, kwa hiyo kila digrii ya kumpasha abiria inatoka kwenye betri. Juu ya hilo, betri yenyewe ikipoa hupunguza nguvu inazotoa na hupokea chaji polepole. Ndiyo maana si ajabu kwa mwenye gari la umeme Stockholm, siku ya baridi kali, kupoteza robo ya masafa yake au zaidi.

Joto linafanya kazi kwa njia nyingine. Nje ikiwa digrii 45 na wewe ndani unataka 23, kiyoyozi kina tofauti ya digrii 22 ya kushughulikia. Nje ikiwa kumi chini ya sifuri na mtu anataka ishirini ndani, tofauti ni digrii 30. Kwa hiyo masafa yanapungua wakati wa joto, lakini kwa kawaida hayapungui kama wakati wa baridi kali. Zaidi ya hapo, gari la umeme unaweza kuliamuru kwa simu lianze kupoza dakika kumi kabla hujatoka nyumbani, na likiwa bado limeunganishwa na umeme, ubaridi huo unalipwa na ukuta badala ya betri. Mwenye watoto wadogo anaijua neema ya kutowapandisha kwenye viti vinavyounguza.

Joto linaumiza mahali ambapo halionekani upesi, nako ni umri wa betri. Betri za aina hii huchakaa haraka zaidi zikikaa muda mrefu katika joto kali huku zimejaa pomoni. EX30 lina mfumo wa maji wa kupoza betri, na hilo ni jambo la lazima kwetu, lakini mwenye gari naye ana wajibu wake. Liegeshwe kivulini. Lisiachwe wiki nzima juani likiwa na chaji asilimia 100 wakati familia imesafiri kwenda Unguja. Kwa betri kubwa yenye nikeli, wengi wa watengenezaji hushauri kila siku lijazwe hadi asilimia 80 au 90, na 100 iwekwe kwa siku ya safari. Ile betri ndogo ni ya aina nyingine, ya chuma na fosfeti, yenye kustahimili zaidi kujazwa mara kwa mara.

Halafu kuna mwendo. Namba ya kilomita 480 imepimwa katika mchanganyiko wa mji na barabara kuu, kwa hali ya hewa ya wastani. Kwenye barabara kuu ya Oman kwa kilomita 120 kwa saa, kiyoyozi kikifanya kazi, chukulia gari dogo kama hili linakula yuniti 22 kwa kila kilomita 100. Betri kubwa ina yuniti 64 hivi za kutumika. Gawanya, utapata kilomita 290. Hayo ni makadirio, lakini ni makadirio ya kuaminika kuliko karatasi ya matangazo. Maskati kwenda Nizwa unafika, lakini kwa kwenda na kurudi panga pa kuchaji. Maskati kwenda Dubai, kama kilomita 450, lazima usimame uchaji. Maskati kwenda Salalah, kama kilomita 1,000, ni safari ya kupanga vituo mapema, na katika jangwa la katikati usiondoke kwa kubahatisha.

Usiku gari linalala wapi

Hapa ndipo mambo yanapogeuka kwa faida yetu. Wakaazi wengi wa Stockholm wanaishi fleti. Asiye na nafasi ya kuegesha yenye umeme anategemea nguzo za kuchajia za mtaani au maegesho ya pamoja, na baadhi ya usiku atakuta zimeshikwa. Gari la umeme lisilo na pahala pake pa kulala humsumbua mwenyewe.

Familia nyingi za Oman zina nyumba yenye ua na kivuli cha gari, hatua chache kutoka kwenye boksi la umeme. Hiyo ndiyo hali bora ya kuwa na gari la umeme, wala haihitaji kituo chochote cha serikali. Tuseme baba anakwenda kazini na mama anawapeleka watoto shule, jumla kilomita 50 kwa siku. Gari limekula yuniti tisa au kumi. Soketi ya kawaida ya pini tatu, zile zile tunazozijua tangu Unguja, inatoa kiasi cha yuniti mbili hadi mbili na nusu kwa saa. Ukiliunganisha saa nne usiku, saa kumi alfajiri lipo tayari. Ukifungiwa chaja ya ukutani ya kilowati 11, betri kubwa iliyo tupu inajaa kwa takriban saa nane. Kwenye kituo cha haraka, kikiwa na nguvu ya kutosha, kutoka asilimia 10 hadi 80 ni chini ya nusu saa.

Lakini soketi ina masharti. Kuchaji ni kuvuta umeme mwingi saa nyingi mfululizo, kuliko pasi, kuliko birika. Nyaya za zamani na soketi iliyolegea zinaweza kupata moto. Mwite fundi umeme mwenye leseni aangalie waya na fyuzi kabla ya usiku wa mwanzo, na usitumie waya wa kuongezea kutoka jikoni kupitia dirishani. Mwenye fleti Ruwi, Sharjah au Doha naye amuulize mwenye jengo kwanza, kwa sababu hali yake ni ile ile ya jamaa yake wa Stockholm.

Kuhusu gharama, kila mtu achukue bili yake apige hesabu mwenyewe. Tangu mwishoni mwa 2021 bei ya petroli Oman imewekewa ukomo, na M95 haizidi baisa 239 kwa lita. Gari dogo la petroli linalokunywa lita saba kwa kilomita 100 linakula riali moja na baisa 670 hivi. Gari la umeme linakula yuniti 18 kwa masafa hayo hayo. Zidisha 18 kwa bei ya yuniti iliyoandikwa kwenye bili yako. Ikiwa, kwa mfano tu, unalipa baisa 20, ni baisa 360. Angalia pia kama matumizi ya nyumba yataingia daraja la juu la bei wakati wa kiangazi, viyoyozi vikiwa vinafanya kazi mchana na usiku. Na kwa kuwa petroli yetu ni rahisi kuliko ya Uswidi, faida ya kuhamia umeme huku inakuja polepole kuliko kule. Ulaya gari hili lilitangazwa kwa bei ya kuanzia kiasi cha Euro 36,000, ambazo wakati huo zilikuwa kama riali 15,000. Bei ya Ghuba ni ya wakala wa Ghuba, na ndiyo ya kuulizia.

Nani anakaa wapi

Sasa tuje kwenye viti. EX30 lina viti vitano, lakini nyuma wanakaa vizuri watu wawili, na watu wazima wenye miguu mirefu watalalamika safari ikizidi saa moja. Buti ni lita 318. Chini ya boneti kuna kisanduku cha lita saba, kinachotosha waya wa kuchajia na si zaidi. Kwa manunuzi ya wiki panatosha. Kwa kwenda uwanja wa ndege kumpokea bibi aliyetoka Unguja na maboksi yake mawili, kigari cha mtoto kitabaki nyumbani.

Yapo mambo ya Kiswidi yanayostahili kuigwa hata na asiyenunua gari hili. Mkanda wa pointi tatu, huu tunaoufunga sote leo, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Mwaka 1964 profesa Bertil Aldman alijaribu ndani ya Volvo kiti cha mtoto kinachotazama nyuma. Wazo alilitoa kwa wanaanga wa Marekani, waliokuwa wamelazwa kwa migongo ili nguvu ya kurushwa isambae mwilini. Mwaka 1972 Volvo ikaanza kuuza kiti cha namna hiyo. Hadi leo desturi ya Uswidi ni kumwachia mtoto atazame nyuma hadi karibu miaka minne.

Sababu yake inaeleweka. Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa na kizito kwa mwili wake, na shingo bado laini. Gari likigonga kwa mbele, mtoto anayetazama mbele hurushwa kichwa huku mwili umeshikwa na mkanda, na shingo ndiyo inayobeba mzigo. Akitazama nyuma, mgongo mzima na kichwa hupokelewa na kiti kwa pamoja.

Vipi kuhusu mtoto aliyepakatwa? Kugonga kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani kama ghorofa ya tatu. Hakuna mama, hata awe na mikono ya chuma, anayeweza kumzuia mtoto wa kilo kumi kwa mshindo huo. Tumelelewa tukipakatwa ndani ya gari, na mapenzi yaliyomo katika kupakata ni ya kweli, lakini barabara za leo hazina huruma nayo. Falme za Kiarabu tangu tarehe 1 Julai 2017 zinataka kila abiria afunge mkanda, wa nyuma pia, na mtoto wa hadi miaka minne akae kwenye kiti chake. Kanuni za Oman nazo zinataka mtoto wa chini ya miaka minne afungwe kwenye kiti cha watoto.

Hesabu ya EX30 inakuja hapo. Kiti cha kutazama nyuma kinakula nafasi, na aliyekaa mbele yake atasogezwa karibu na dashibodi. Viti viwili vya watoto vikifungwa nyuma, baina yao panabaki pembamba. Mtu mzima kukaa hapo ni adhabu. Kwa hiyo baba, mama na watoto wawili wanaenea. Akizaliwa wa tatu, au bibi akihamia nyumbani, hawaenei kwa usalama. Familia ya watu sita iliyonunua gari hili itamaliza kwa kumpakata mmoja, na hapo sifa zote za usalama za Uswidi zimepotea mlangoni. Volvo yenyewe ina EX90 lenye viti saba, lakini hilo ni gari jingine kwa fedha nyingine.

Kwa hiyo EX30 linafaa sana kwa bibi na bwana waliooana karibuni, kwa kijana anayeanza kazi, au kama gari la pili la nyumba ambayo tayari ina gari kubwa la safari za ukoo.

Tukishalichoka tulipeleke Unguja?

Wengi wetu tunanunua gari huku jicho moja likiwa nyumbani. Gari la Stockholm na gari la Maskati yote yana usukani kushoto, maana kote kuwili watu hupita kulia. Uswidi ilikuwa ikipita kushoto kama Unguja hadi alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, siku nchi nzima ilipohamia kulia kwa wakati mmoja. Ajabu ni kwamba hata kabla ya siku hiyo magari yao mengi yalikuwa na usukani kushoto, na kupitana kwenye barabara nyembamba kulikuwa hatari; hiyo ilikuwa moja ya sababu za kubadilisha.

Tanzania na Kenya zinapita kushoto, na ukiwa na usukani kushoto huko unarudi kwenye hatari ile ile iliyowahamisha Waswidi: kutaka kulipita lori bila ya kuiona barabara ya mbele. Ongeza kwamba fundi wa kulifungua kioo chake na programu yake hapatikani kila gereji. Anayefikiria kulipeleka Afrika Mashariki aliondoe wazo hilo, au atafute lenye usukani kulia kama yale yanayouzwa Uingereza, na kwanza awe na uhakika wa fundi.

Kabla hujatia saini

Jamaa wa Stockholm akisema atakununulia la kule akuletee, mshukuru, lakini pima. Gari lililoandaliwa kwa Ghuba linakuja na masharti ya joto la Ghuba na dhamana ya wakala wa Ghuba. La Ulaya huenda wakala wa hapa asilipokee. Na kwa magari ya umeme yanayoletwa moja kwa moja kutoka soko la ndani la China, ya chapa yoyote, angalia tundu la kuchajia: China ina umbo lake, na haliingiani na chaja nyingi za Ghuba zilizofuata umbo la Ulaya.

Muulize wakala mambo haya matano, ukitaka majibu kwa maandishi. Dhamana ya betri ni miaka mingapi na inakubali ipungue hadi asilimia ngapi? Programu ikileta hitilafu, inarekebishwa hapa au gari linasubiri fundi kutoka nje? Aina ya betri ni ipi, ya chuma na fosfeti au ya nikeli? Tairi zake zinapatikana nchini, na kwa bei gani? Gari hili lina karibu tani 1.8 na nguvu nyingi, kwa hiyo linakula tairi, na tairi iliyokaa sana katika joto letu hupasuka hata kama bado ina meno. Na mwisho, bima ya gari la umeme ni kiasi gani?

Kisha kabla ya kulijaribu barabarani, wapeleke watoto na viti vyao, na bibi pia. Vifungeni viti pale pale mbele ya duka. Kila mmoja akae mahali pake na afunge mkanda wake, milango ifungwe, na mkae hivyo kwa robo saa kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Muuzaji mwenye subira atakubali. Ikiwa wote wameenea na hakuna aliyepakatwa, basi mazungumzo ya bei yanaweza kuanza.